Neema, Hukuwa Panya wa Maabara

Neema,

Salamu utazikuta huko chini, nikishatulia. Kwanza nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe, maana nusu ya hasira hii ni yako.

Tangu tukuzike kijijini kwenu, mvua zimekatika. Mama yako amevuna mtama kidogo, si haba. Chumba chako hapa Nkuhungu amepanga mwalimu mmoja mpole, anapika mlango wazi na ananiamkia kila asubuhi. Mimi bado napamba kumbi. Bado nafunga vitambaa kwenye viti na kupanga maua mezani kwa maharusi, na bado kuna mtu anasimama na kipaza sauti pale ulipokuwa ukisimama wewe. Anaitwa Jeni. Anajitahidi. Watu wanacheka kwa adabu.

Kwako hawakucheka kwa adabu. Unakumbuka ile sendofu umeme ulipokatika, jenereta ikagoma, mwenye ukumbi akaanza kutukana mafundi? Ulipanda juu ya kiti nilichotoka kukifunga vitambaa, ukakichafua na viatu vyako, ukaendesha shughuli yote kwa koo lako tu. Yule mjomba wa bibi harusi aliyenuna tangu mchana kwa ajili ya mahari ulimtoa kucheza kwa mwanga wa simu za watu. Tulirudi nyumbani huna sauti, unanong'ona, tukakaa kizingitini tunakula zabibu na kutema mbegu uani kwa mama mwenye nyumba. Ukaninong'oneza kwa utani wa Mgogo kwa Mrangi, "Mrangi wangu, hii kazi ningeifanya hata bure, ila usiwaambie."

Huyo ndiye ninayemlilia. Sasa nikwambie ninayemkasirikia.

Ninamkasirikia mwanamke aliyekuwa akienda sokoni na kugeuza kila nyanya. Mwuza samaki wa bwawa la Mtera akikuona unakuja alikuwa anaguna, kwa sababu ulikuwa unafunua matamvua ya kila perege, unanusa, unamwambia mbele ya wateja wake, "Huyu alikufa juzi, mimi nimezaliwa jirani na hilo bwawa, usinidanganye." Mtu wa namna hiyo. Halafu mtu huyohuyo, shughuli ikiisha na wakubwa wakihamia hotelini kuendelea, anapokea kidonge kutoka kwenye kiganja cha mwanamume asiyemjua hata jina la baba yake, anakimeza na soda. Hukukinusa. Hukukigeuza. Hukuuliza kimetoka wapi wala kina nini ndani.

Nilipokuuliza ulisema ni cha kuchangamka tu. Mwanzoni kilikuwa cha sherehe kubwa, baadaye cha kila Jumamosi, baadaye hata harusi ya watu wa kawaida pale Chang'ombe ulikwenda nacho kwenye pochi, kwa sababu ulishaanza kuogopa kusimama mbele za watu bila hicho. Wewe! Uliyesimama juu ya kiti gizani.

Nilikwambia. Sikukwambia kwa mafumbo, nilikwambia nikiwa nimeshika kiuno. Ukanijibu, "Hawa, usinihubirie, mimi nina kinga."

Kinga yako ilikuwa kopo jeupe lenye picha ya ini linalotabasamu. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile ini na meno yake. Ulilinunua kwa Deo, yule aliyekuwa na kimeza pembeni ya jimu, anayependa kuitwa Dokta ingawa hakuna hospitali iliyowahi kumwona isipokuwa kama mgonjwa. Vitamini C, vitamini E, vitamini A, na vingine ambavyo majina yake hata yeye aliyatamka kila siku kivyake. Alikufundisha kwamba hivyo vidonge vya sherehe vinatoa sumu inayochoma ini kama kutu inavyokula bati, na kwamba vitamini hizi ni rangi ya kuzuia kutu. Unameza kabla, unameza baada, unaamka ini jipya. Ukanifungulia na simu unisomee. Kwamba wataalamu waliwapa panya madawa yaleyale ya sherehe, wakawapa wengine na vitamini juu yake, na waliopewa vitamini maini yao yaliumia kidogo kuliko ya wenzao. "Unaona?" ukaniambia. "Sayansi hiyo, si maneno ya Deo."

Kabla ya lile kopo ulikuwa na woga kidogo. Nilikuona mara kadhaa unarudisha kidonge, unasema leo hapana. Baada ya kopo hukurudisha tena. Ndicho kitu kinachonichoma zaidi ya vyote. Vitamini hazikukulinda, zilikuondolea woga. Woga ndio pekee uliokuwa unakulinda.

Ulipoanza kuchoka nilidhani ni kazi, maana ulikuwa msimu wa harusi. Ukaanza kujikuna usiku na mchana, ukabadilisha sabuni. Ukaacha kula, wewe wa kugombea ukoko wa wali. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ukaniita niuone, tukasimama wote wawili chooni kama wajinga. Halafu asubuhi moja ulikuwa unapaka wanja mbele ya dirisha, ukanigeukia kuniuliza kama umekaa sawa, nikaona macho yako. Yalikuwa ya njano kama ganda la ndizi.

Nikasema twende hospitali. Ukasema tumpigie Deo kwanza.

Na mimi nilisikia kwa masikio yangu, kwa sababu uliweka spika. Alisema, "Hongera, dada Neema! Hiyo ni sumu inatoka. Mwili unajisafisha. Usiogope, ongeza dozi." Hongera, Neema. Mtu anakufa, anapewa hongera. Ukaongeza dozi, ukanigombeza kwa kukukatisha tamaa, ukaenda kuendesha kitchen party umevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Watu wakadhani ni mitindo.

Ulipoanguka bafuni hatukukuuliza tena. Mwenye nyumba alikushika miguu, mimi kichwa, tukakuingiza kwenye bajaji.

Daktari aliyekupokea alikuwa mama wa makamo, mchovu, mwenye sauti ya chini. Alikuuliza unatumia nini, ukasema vitamini tu. Akauliza tena. Ukasema vitamini tu. Mara ya tatu akavuta kiti, akakaa, akakushika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi si polisi. Ini lako linakufa na mimi natibu nikiwa nimefumbwa macho." Ndipo ukasema. Ukalia, ukamweleza na habari za panya, ukitaka akuambie kwamba haikuwa ujinga.

Hakukucheka. Alisema, "Panya wale walifungiwa. Aliyewapa dawa alijua ni dawa gani, safi, kiasi gani, na vitamini kiasi gani, saa ngapi. Wewe hukuwa panya wa maabara. Vile vya mtaani hakuna ajuaye vimechanganywa na nini, na ulivimeza na pombe. Hakuna vitamini inayosimama mlangoni mwa ini la mtu ikasema wewe pita, wewe rudi." Kisha akalishika lile kopo nililokuja nalo, akasoma, akakunja uso. Akaniambia mimi, pembeni, kwamba vitamini A ikizidi sana inakwenda kujazana kwenye ini hilohilo na inaweza kuliumiza. Hakuweza kusema kipi kililiumiza kiasi gani. Alisema ini lilibeba vyote.

Niliporudi kitandani ulinishika ushungi ukanivuta karibu. "Mama asijue. Niapie." Nikaapa. Ningefanya nini? Lakini ona ulivyonifanyia, Neema. Ulikwenda zako, ukaniachia kiapo kama mzigo wa kuni.

Siku za mwisho hukunijua. Daktari alisema ini likishindwa, sumu hupanda kichwani. Uliongea Kigogo na watu nisiowaona, na katikati ya Kigogo ukakaa wima, ukanyoosha mkono kama umeshika kipaza sauti, ukasema kwa sauti yako ileile ya ukumbini, "Wageni waalikwa, mabibi na mabwana, naomba tusimame tuwapokee maharusi wetu!" Bibi wa kitanda cha jirani, aliyevunjika nyonga, alikupigia makofi taratibu. Nadhani alikuonea huruma. Nilitoka nje nikaenda kulilia kwenye ukuta wa kufulia.

Ulikufa asubuhi, watu wakigawa uji.

Msibani wajomba zako walisema umelogwa na washereheshaji wenzako. Mzee wa kanisa akasema ni maradhi ya ini, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mimi nikanyamaza na kiapo changu. Wakubwa wa hotelini, wale wa "Neema wetu, Neema wetu", hakuja hata mmoja. Deo naye alituma ujumbe. Nimeufuta lakini naukumbuka: "Pole sana dada. Kazi ya Mungu. Tatizo alichelewa kuanza dozi kubwa."

Ningeweza kuyameza hata hayo. Kilichoniinua ni siku niliyokwenda kununua vitambaa mjini. Binti wa duka alikuwa ameegemea kaunta anaangalia simu, nikasikia unacheka. Neema, nilizunguka kaunta nikaiinamia ile simu. Ulikuwa wewe, umevaa lile gauni la bluu, umeshika kopo. "Jamani, mimi nacheza, nafurahi, nakesha, lakini ini langu jipya! Siri yangu ni hii hapa!" Halafu chini jina la Deo na namba yake ya simu.

Hukuniambia kwamba ulirekodi hicho kitu. Ulilipwa makopo, naamini. Binti akaniuliza, "Dada, kwani unamfahamu? Dada yangu amenunua kopo kwa sababu yake. Ana maneno huyu!"

Ndiyo. Ulikuwa na maneno.

Nikampigia Deo, nikamwambia aondoe. Akasema, "Dada Hawa, yule alirekodi kwa hiari yake, na tangazo linasaidia watu." Nikasema, "Amekufa, Deo." Akasema, "Tangazo halisemi yuko hai."

Nilipanda basi kesho yake nikaenda kwenu. Mama yako alikuwa anapepeta mtama, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, kisha akanicheka kwa ile salamu yangu ya Kigogo ya kubabaisha, "mbukwenyi", uliyonifundisha. Nikampa simu. Akakutazama mpaka mwisho, akataka tena. Mara ya pili alikugusa uso kwa kidole na picha ikasimama, akadhani ameiharibu. Sikumwambia habari za vile vidonge vingine. Nilimwambia kwamba mtu huyu anauza hizi dawa kwa sauti ya marehemu. Akasema neno moja tu: "Nipeleke."

Deo alikuwa na semina ya afya ya ini, katika ukumbi niliowahi kuupamba mimi mwenyewe. Watu walijaa, wengi wasichana, wengi wa kazi kama zako. Alianza kwa kukuonyesha wewe ukutani, mkubwa kuliko ulivyokuwa. Watu wakacheka pale unapocheka. Mama yako akasimama. Unamjua alivyo mfupi. Ilibidi watu wa mbele wageuke kutafuta sauti inatoka wapi.

"Samahanini, wanangu. Huyo anayecheka hapo ni binti yangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Nimemzika baada ya Pasaka. Amekufa kwa ini."

Wewe ulikuwa bado unaongea ukutani, hakuna aliyekumbuka kukuzima.

Deo si mjinga. Alishuka jukwaani kwa upole, mikono kifuani, akasema kwenye kipaza sauti ili wote wasikie, "Mama, pole. Lakini tuseme ukweli. Binti yako alikuwa anatumia madawa ya kulevya. Muulize rafiki yake huyo hapo. Vitamini zangu hazikumuua."

Mama yako akanigeukia. Ukumbi wote ukanigeukia. Hapo ndipo nilipokuchukia, Neema, nakwambia ukweli. Ulinipandisha pale, na ulimi wangu ukiwa umefungwa na maneno yako.

"Ni kweli, Hawa?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Msichana aliyekuwa jirani akamshika kiwiko. Nilidhani ataketi, nilidhani tumeshindwa na tutatoka mle na aibu yetu. Badala yake alimtazama Deo.

"Kwa hiyo wewe ulijua."

Deo akasema, "Mama, mimi..."

"Mimi mama yake sikujua. Wewe ulijua anakula sumu. Ukamwuzia kitu cha kumwambia aendelee."

Hakupiga kelele. Akakaa. Msichana mmoja akasimama akasema, "Mimi macho yangu yamebadilika. Dokta aliniambia sumu inatoka." Baada ya huyo ikawa vurugu, watu wakitaka fedha zao, wengine wakimtetea Deo, wengine wakinitukana mimi kwa kumharibia mtu riziki. Yule msichana tulimchukua tukampeleka kwa daktari wako jioni ileile. Alisema amewahiwa. Anaendelea na kliniki, na ameacha vyote, vya sherehe na vya kopo. Anaitwa Rehema. Hana kipaji chako hata kidogo na ninampenda sana.

Sasa usidhani mambo yamekwisha vizuri. Deo ameondoa tangazo kwenye ukurasa wake, lakini watu walishalihifadhi, linazunguka. Nimepeleka kopo lako kwa wakaguzi wa dawa. Wamelipokea, wamesema watalipima, naendelea kuwafuata. Yeye amehamia upande mwingine wa mji na jina jingine la biashara. Waliokupa vidonge wanavaa suti na wanaendelea kualika watu. Jeni nimemwita chumbani kwangu, nikamwambia habari yako yote, toka kidonge cha kwanza hadi ule uji wa asubuhi. Alilia. Wiki iliyofuata niliona kopo kwenye pochi yake. Nikalichukua mbele yake nikalimwaga chooni, akanitukana, na nitalimwaga tena.

Mama yako alilala kwangu siku ile. Tulipofika chumbani, nimeshampa chai, ndipo akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha, mama."

"Aliogopa nini?"

"Aliogopa utaacha kumsifu kanisani."

Akaweka kikombe chini. Akalia kwa mara ya kwanza tangu makaburini, akilia anakugombeza kwa Kigogo, maneno ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuelezwa. Asubuhi alifagia uani kote, akaniaga, akasema, "Nikiulizwa kijijini sitasema amelogwa. Nitasema." Na amesema. Alisimama kwenye kikundi cha akina mama akasimulia yote, jina lako na la vidonge. Wajomba zako hawamsalimii. Yeye anasema amepumzika.

Haya, salamu. Mwenye nyumba anakusalimu. Yule bibi wa nyonga alipona, anakusalimu, anakuita "yule wa maharusi". Mimi nimepungua mwili, naambiwa nimependeza, najibu kwa ukali.

Kuhusu kiapo, nimekivunja na sitakuomba radhi. Popote nitakapoona msichana anameza kidonge kwa kuamini kwamba kuna kingine cha kufuta cha kwanza, nitamtajia jina lako lote, na la baba yako, na rangi ya macho yako siku ile dirishani. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na unanijua, mimi nikishika jambo sichoki.

Mvua zikianza nitakwenda kumsaidia mama kupanda. Nitapita kaburini kwako. Nitang'oa majani, nitakuombea kwa dua zangu, na sitasema zaidi ya hapo, maana bado sijakusamehe. Siku nitakayokusamehe nitapanda basi nije nikwambie kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa chini pale kwako. Nisubiri. Nitachelewa, lakini nitakuja.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Neema.

Mrangi wako,
Hawa